Kahama, Kaachiliwa au Katusaliti? Sarufi ya Lawama Mchezaji Nyota wa Raga Anapojiunga na Mahasimu

Utangulizi

Mchezaji nyota wa raga anapovua jezi ya timu yake na kuvaa ya mahasimu, tukio lenyewe huweza kuelezwa kwa sentensi moja: jana alikuwa huku, leo yuko kule. Hata hivyo, ni nadra kuisikia sentensi hiyo vinywani mwa watu. Msemaji wa klabu hutangaza kuwa mchezaji ameachiliwa. Mchezaji mwenyewe hueleza kuwa amehama. Shabiki aliyenyeshewa na mvua miaka mingi akiishangilia timu yake hulalama: "Ametusaliti!" Wote watatu wanamzungumzia mtu mmoja na siku moja.

Makala haya yanachunguza tofauti hiyo. Tunadai kwamba katika Kiswahili hukumu haisubiri kivumishi wala tusi. Huingia mapema, ndani ya kitenzi, kupitia mzizi uliochaguliwa, kiambishi cha yambwa na viambishi vya mnyambuliko. Anayechagua kitenzi huwa ameshahukumu kabla ya kutoa ushahidi. Ili kuifafanua hoja hii tumeteua kisa cha raga ya Australia ambacho hatua zake zinajulikana, kisha tutakipima kwa sarufi na fasihi ya Kiswahili. Ieleweke kwamba mashabiki wa Sydney walizungumza Kiingereza, nasi hatukusudii kuyatafsiri maneno yao. Swali letu ni hili: lau kisa hiki kingesimuliwa kwa Kiswahili, ni kitenzi kipi kingekuwa cha haki?

Kisa chenyewe

Raga inayozungumziwa hapa ni ile ya wachezaji 13, iliyojitenga na raga ya wachezaji 15 kule Uingereza mwaka 1895 kwa sababu ya mgogoro wa malipo ya wachezaji. Katika jiji la Sydney ligi ya mchezo huu ilianza mwaka 1908. Miongoni mwa vilabu vilivyoianzisha ni South Sydney, waitwao Rabbitohs, na Eastern Suburbs, ambao leo hujulikana kama Sydney Roosters. Mitaa yao inapakana. Fainali ya mwaka ule wa kwanza iliwakutanisha hao hao wawili, na South Sydney wakashinda kwa alama 14 kwa 12. Uhasama wao, basi, una umri sawa na ligi yenyewe.

Latrell Mitchell alizaliwa mwaka 1997 na kuanza kuichezea Roosters katika ligi kuu mwaka 2016. Akiwa senta, alitwaa ubingwa na klabu hiyo mwaka 2018 na tena mwaka 2019. Mkataba wake ulikuwa umebakiza mwaka mmoja. Yeye alitamani kucheza nafasi ya nyuma kabisa, jezi namba 1, lakini pale Roosters nafasi hiyo ilikuwa ya James Tedesco, ambaye mwaka 2019 alituzwa kuwa mchezaji bora wa ligi. Mazungumzo ya mkataba mpya yalikwama, na mwishoni mwa mwaka 2019 klabu ikaiondoa ofa iliyokuwa imeiweka mezani. Januari 2020, baada ya Roosters kumruhusu aondoke kabla ya mkataba kwisha, Mitchell alijiunga na South Sydney.

Mashabiki wa Roosters hawakulipokea jambo hili kwa utulivu. Kila timu hizo zilipokutana naye akiwa uwanjani, alizomewa alipogusa mpira. Agosti 2021 moto ulipata kuni zaidi: Mitchell alimkaba Joseph Manu, mchezaji mwenzake wa zamani, akamgonga usoni na kumvunja mfupa wa shavu. South Sydney walishinda 54 kwa 12, lakini Mitchell alifungiwa mechi 6, akaikosa fainali ambayo timu yake ilishindwa na Penrith 14 kwa 12. Septemba 2022 timu hizo zilipokutana tena katika mechi ya mtoano, South Sydney walishinda 30 kwa 14 na wachezaji wa pande zote mbili walitolewa uwanjani kwa muda mara 7. Miaka miwili na zaidi ilikuwa imepita tangu Mitchell abadilishe jezi, na bado alizomewa.

Mtazamaji wa mbali angeweza kuuliza: mtu aliyebadilisha kazi kwa ruhusa ya mwajiri wake ana kosa gani? Swali ni la haki, ila linalisahau jambo moja. Mashabiki wa raga ya Sydney wana sababu ya kuamini kuwa klabu ni mali yao. Mwishoni mwa mwaka 1999 South Sydney iliondolewa kwenye ligi kwa hoja za kibiashara. Makumi ya maelfu ya watu waliandamana katika barabara za Sydney kuitetea, kesi ikapelekwa mahakamani, na mwaka 2002 klabu ikarudi ligini. Shabiki wa namna hiyo si mteja tu anayenunua tiketi, bali ni mtu aliyeiona timu ikizikwa na akashiriki kuifukua. Anaposema "timu yetu", kiambishi cha umilikishi hakikosi ushahidi.

Kiambishi cha yambwa: shabiki ndani ya kitenzi

Tuanze na muundo wa kitenzi. Mizizi inayoweza kutumiwa kukisimulia kisa hiki ni mingi: -ham-, -ach-, -ondok-, -torok-, -as-, -saliti-. Mizizi hii hailingani katika mahitaji yake ya kisintaksia. Kitenzi "hama" kinajitosheleza: "Mitchell amehama" ni sentensi kamili na haina mtu aliyeumizwa. Tukiongeza kiambishi cha kutendea tunapata "amehamia South Sydney", na kinachoongezeka ni mahali aendako. Mhanga bado hayupo.

Kitenzi "saliti", kwa upande mwingine, ni elekezi. Hudai yambwa, awe ametajwa au amedokezwa. Hakuna anayesaliti bila kumsaliti mtu, kitu au nchi. Kwa hiyo anayekichagua kitenzi hiki analazimika kumtafuta mhanga, na mhanga aliye karibu zaidi ni yeye mwenyewe. Tazama muundo wa neno "ametuacha": a- ni mtenda, -me- ni hali timilifu, -tu- ni yambwa, -ach- ni mzizi na -a ni kiishio. Shabiki ameingia katikati ya kitenzi. Hakutia saini mkataba, hakuwapo chumbani mazungumzo yalipokwama, wala jina lake halimo kwenye karatasi yoyote. Ila katika sarufi amekwisha kuwa mmoja wa wahusika, tena yule aliyetendwa.

Hatusemi kwamba shabiki anadanganya. Tumeona kwamba -tu- yake ina historia. Tunachosema ni kwamba mwanafunzi wa lugha anapoiona -tu- katika kitenzi cha lawama anapaswa kuuliza: ni akina nani walio ndani yake? Wakati mwingine ni watu wa mtaa mzima. Wakati mwingine ni msemaji mmoja aliyejivika wingi. Vilevile hutokea kwamba viongozi wa klabu, walioiondoa ofa, wakajificha ndani ya -tu- hiyo hiyo pamoja na mashabiki, kana kwamba nao wameachwa.

Mnyambuliko: nani alitenda?

Mnyambuliko ndio unaogawa lawama kwa undani zaidi. Tuuchukue mzizi -ach- na kuunyambua.

Kwanza, "aliacha". Mtenda ni mchezaji. Lawama yote iko juu yake.

Pili, "aliachwa". Hii ni kauli ya kutendwa. Mchezaji amekuwa mpokeaji wa tendo, na klabu ndiyo iliyotenda. Anayekumbuka ofa iliyoondolewa anaweza kuitumia kauli hii bila kuona haya.

Tatu, "aliachiliwa". Hapa kuna mtu aliyekuwa ameshika, akalegeza mkono. Ndiyo kauli ya taarifa rasmi za vilabu, na ina adabu yake: inadokeza ruhusa na hailaumu upande wowote. Pia ina ujanja wake, kwa kuwa haisemi ni nani aliyetaka kuachilia au kuachiliwa.

Nne, "waliachana". Kiambishi -an- cha kutendana huigawa lawama kwa pande mbili. Mchezaji alitaka nafasi ambayo klabu haikuwa nayo, nayo klabu ilitaka jibu ambalo mchezaji hakuwa tayari kulitoa. Kwa maoni yetu, kauli hii ndiyo inayokaribia zaidi ukweli wa kisa cha Mitchell. Inashangaza kwamba ndiyo isiyotumiwa sana katika lawama za aina hii. Sababu yake si ngumu kuiona. "Waliachana" haimpi shabiki nafasi, kwani kauli ya kutendana huwafungia wawili mlango na kumwacha wa tatu ukumbini.

Mzizi -uz- una mchezo wa aina hiyo. "Ameuzwa" humwonyesha mchezaji kama bidhaa mikononi mwa wakubwa, na msikilizaji humhurumia. "Amejiuza" huongeza kiambishi rejeshi -ji-, na mara moja bidhaa na mfanyabiashara huwa mtu mmoja, huku neno likibeba fedheha inayozidi biashara ya mpira. Silabi moja imetosha kumgeuza mnyonge kuwa fisadi. Mhariri wa habari za michezo asiyelijali hilo anaweza kumvunjia mtu heshima yake bila kukusudia.

Kutoroka si kuhama

Ili kuonyesha kwamba hatumtetei kila anayeondoka, tulinganishe kisa cha Mitchell na cha Sonny Bill Williams. Julai 2008, katikati ya msimu, Williams aliiacha klabu ya Bulldogs ya Sydney akiwa na miaka kadhaa iliyobaki katika mkataba wake, akaenda Toulon, Ufaransa, kucheza raga ya wachezaji 15. Hakuwaaga wachezaji wenzake. Klabu ilimfikisha mahakamani na suala hilo likaishia kwa malipo ya fidia. Mashabiki walilipotoa jina lake ili lisikike kama neno la Kiingereza lenye maana ya fedha. Baadaye Williams alitwaa Kombe la Dunia na New Zealand mwaka 2011 na 2015. Mwaka 2013 alikuwa amerudi Sydney, safari hii akiwa na Roosters, akatwaa ubingwa nao mwaka huo huo.

Kwa kisa hiki kitenzi "toroka" kinafaa. Kutoroka kunahitaji mambo mawili: kuwepo kwa kifungo halali na kuondoka kwa siri. Yote mawili yalikuwapo mwaka 2008. Mwaka 2020 hapakuwa na hata moja, kwani Mitchell alipewa ruhusa na kila hatua ilitangazwa. Hata hivyo, masikio ya Mitchell yalipokea kelele zilezile za uwanjani. Tunajifunza hapa kwamba hasira ya shabiki haipimi uvunjaji wa mkataba, bali umbali wa safari. Williams alivuka bahari akaitwa mpenda fedha. Mitchell alivuka mtaa akaitwa msaliti. Aliye karibu huumiza zaidi, kwa kuwa utamwona kila msimu akiwa upande wa pili.

Kipimo cha fasihi: usaliti ni nini?

Fasihi ya Kiswahili ina kielelezo cha usaliti kinachojulikana na kila mwanafunzi wa somo hili. Katika Utenzi wa Fumo Liyongo, uliotungwa na Muhammad Kijumwa mwaka 1913, shujaa huyo anauawa na mwanawe mwenyewe. Mwana anaahidiwa kuozwa binti wa mfalme, anamuuliza baba siri ya kifo chake, anaambiwa kuwa ni sindano ya shaba kitovuni, kisha anamchoma akiwa amelala. Kithaka wa Mberia amechota kutoka kisa hicho katika tamthilia ya Kifo Kisimani.

Tukikichambua kielelezo hiki tunapata nguzo tatu. Ya kwanza ni amana: Liyongo alimkabidhi mwanawe siri ambayo hakumkabidhi mwingine. Ya pili ni hila: mwana aliuliza kwa mapenzi huku moyoni akiwa na jingine. Ya tatu ni madhara yaliyokusudiwa: sindano haikuponyoka. Ndiyo maana methali ya "Kikulacho ki nguoni mwako" haimtaji adui wa mbali, bali yule aliyepewa nafasi ya kukaa karibu na ngozi.

Je, nguzo hizi zinasimama katika kisa cha Mitchell? Amana ilikuwapo kwa kiasi: mashabiki walimpa mapenzi yao, na watoto wao wakavaa jezi yenye jina lake. Hila haionekani. Madhara yaliyokusudiwa pia hayaonekani katika kuhama kwenyewe. Ukabaji wa Agosti 2021 ulikuwa kosa la uwanjani na uliadhibiwa kwa sheria za mchezo. Kuugeuza kuwa ushahidi wa jambo lililotendeka mwaka mmoja na nusu kabla yake ni kuisoma hadithi kutoka mwisho kwenda mwanzo. Nguzo moja kati ya tatu haiwezi kuibeba nyumba. Kinachobaki ni uchungu, na uchungu ni kitu cha kweli, ila jina lake si usaliti.

Kuna methali nyingine inayostahili kuulizwa upya. Wahenga walisema, "Mcheza kwao hutunzwa." Mashabiki wa Roosters wangeweza kuitumia kumkumbusha Mitchell kwamba alitunzwa. Ila kwao ni wapi? Mitchell ni mwenyeji asilia wa Australia, wa jamii za Biripi na Wiradjuri. South Sydney ni klabu ya mtaa wa Redfern, mtaa wenye historia ndefu ya wenyeji hao mjini Sydney, na Greg Inglis, naye mwenyeji asilia, aliwahi kuivalia jezi hiyo ya namba 1 kabla ya kustaafu mwaka 2019. Kwa hiyo kile ambacho upande mmoja ulikiita kuondoka kwao, upande wa pili uliweza kukiita kurudi kwao. Methali ni moja, ila neno "kwao" lina wamiliki wawili.

Pana pia mpaka usiopaswa kuvukwa. Mitchell ametukanwa mara kadhaa kwa sababu ya asili yake, na Machi 2023 matusi ya kibaguzi aliyotolewa na mtazamaji uwanjani Penrith, katika mechi isiyohusu Roosters, yalifikishwa kwa polisi. Neno "msaliti", hata likiwa la uonevu, hulaumu tendo, na aliyelaumiwa anaweza kujibu. Tusi la asili hulaumu kuzaliwa, na halina jibu. Anayechunguza lugha ya mashabiki asiyachanganye mambo haya mawili kwa kisingizio cha ushabiki.

Watani na mashemeji

Kiswahili kina hazina ya kuusemea uhasama wa michezo bila kuufanya vita. Nchini Tanzania, Simba na Yanga huitwa watani wa jadi. Utani ni taasisi ya kijamii: watani hutupiana maneno makali bila kukasirikiana, na katika jamii nyingi ni watani hao hao wenye wajibu wa kusaidiana wakati wa mazishi. Nchini Kenya, mechi ya Gor Mahia na AFC Leopards hupewa jina la mashemeji, kwa kuwa jamii zinazohusishwa na timu hizo zimeoana vizazi na vizazi.

Majina haya yana falsafa ndani yake. Anayekwenda kwa mashemeji hajaangamia; ameoa au ameolewa, na atarudi kula sikukuu. Clatous Chama alipotoka Simba kwenda Yanga mwaka 2024, na kabla yake Haruna Niyonzima alipotoka Yanga kwenda Simba mwaka 2017, machungu na kejeli havikukosekana. Lakini lugha ilikuwa imeshawawekea mashabiki mlango wa kutokea: mtani amechukua wetu, nasi kesho tutachukua wake. Hatudai kwamba mashabiki wetu ni wapole kuliko wa Sydney. Anayeijua mechi ya watani hawezi kudai hivyo. Tunadai kwamba neno "mtani" huushika uchungu kwa mkono mmoja na ujirani kwa mkono wa pili, jambo ambalo neno "hasimu" haliwezi.

Wanafunzi wa vyuo vikuu vyetu wana mfano ulio karibu zaidi. Timu za raga kama Mean Machine ya Chuo Kikuu cha Nairobi na Blak Blad ya Chuo Kikuu cha Kenyatta hupoteza wachezaji wanapohitimu, na baadhi yao hurudi katika jezi ya klabu nyingine kuzikabili timu zilizowalea. Wanafunzi humpigia kelele mhitimu wa namna hiyo, lakini kelele hizo zina kicheko ndani yake, kwa sababu kila aliye jukwaani anajua kuwa naye atahitimu. Mazoea ya kuondoka yamewafundisha kitenzi sahihi: amehitimu, amehama, amekua.

Hitimisho

Tumeonyesha kwamba lawama katika Kiswahili hukaa ndani ya kitenzi: mzizi huamua aina ya kosa, kiambishi cha yambwa humteua mhanga, na mnyambuliko humteua mkosaji. Tumeonyesha pia kwamba kisa cha Mitchell, kikipimwa kwa kielelezo cha Liyongo, hakifikii usaliti. Kinaelezwa vyema zaidi kwa kauli ya kutendana: yeye na klabu yake waliachana, na walioumia zaidi ni wale ambao kauli hiyo haiwataji.

Hapo ndipo penye funzo. Shabiki hutumia neno zito kwa sababu neno la haki limemwacha nje. Kumwambia anyamaze hakutamsaidia. Afadhali apewe kitenzi kinachomtosha. "Ametuuma" ni kweli. "Tumemkosa" ni kweli pia, na kinakiri jambo ambalo "ametusaliti" hulificha, yaani kwamba alipendwa. Sisi tunaosoma lugha hii, ambao kesho tutakuwa wahariri, watangazaji na walimu, tuna wajibu wa kuviweka vitenzi hivyo karibu na watu kabla ya mechi kuanza.

Maswali ya mjadala

1. Nyambua mzizi -ham- katika kauli nne, kisha ueleze jinsi kila kauli inavyobadilisha mgao wa lawama katika habari ya michezo.

2. "Usaliti hauwezi kuwapo bila amana." Jadili kauli hii ukirejelea kazi mbili za fasihi ya Kiswahili.

3. Je, kuna tofauti gani za kimaana baina ya "mtani", "shemeji", "mpinzani" na "hasimu" zinapotumiwa kwa timu mbili za mji mmoja?